Mechi 1, Pointi 0

Watu wangu, leo wacha niwape stori ya msee ambaye maisha yake yote ya kuchezea timu ya taifa yaliisha alasiri moja.

Anaitwa Richard Garnons Williams. Alizaliwa Wales mwaka wa 1856, na kwenye raga alikuwa fowadi, yaani wale wa kusukuma skramu na kutoka wamejaa matope huku sifa zikienda kwa wanaokimbia na mpira. Tarehe 19 Februari 1881, akiwa na miaka 24, alicheza mechi ya kwanza kabisa ya Wales, ugenini Blackheath, London, dhidi ya Uingereza.

Hiyo timu hata haikuwa na chama. Jamaa wa Newport, Richard Mullock, ndiye aliikusanya, na hawa watu hawakuwa wamewahi kucheza pamoja. Nguo walibadilishia kwa baa. Uingereza ikafunga trai 13, saba zikaongezewa mkwaju, na dropu moja juu. Kwa pointi za siku hizi hiyo ni 82 kwa nunge.

Garnons Williams hakuitwa tena.

Najua kuna mtu atasema, bro, si alipewa nafasi akashindwa? Sasa fowadi mmoja angezuiaje trai 13 na timu imeokotwa hapa na pale?

Hii hesabu naijua. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kupatikana. Tangu hapo, kila harusi, kila matanga, lazima mjomba fulani aulize, "Na wewe ulimaliza lini?" Akisikia jibu, anafunga daftari. Video ninazohariri hadi saa tisa usiku, kodi ya nyumba ninayolipa mwenyewe, hizo haziingii kwa hesabu yake.

Lakini angalia. Tarehe 12 Machi 1881, hata mwezi haujaisha, watu walikutana Neath na kuunda chama cha raga cha Wales. Mwaka wa 1890 Wales ikaichapa Uingereza kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1893 ikazipiga Uingereza, Scotland na Ireland msimu mmoja. Kuna watu walitangulia kula kichapo.

Na yeye mwenyewe? Alikuwa mwanajeshi. Alikuwa ameshastaafu, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka akarudi. Aliuawa Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa luteni kanali wa miaka 59, mzee kuliko wachezaji wote wa Wales waliokufa katika vita hivyo. Sisifu vita. Nasema tu kwamba kati ya Blackheath na Loos kuna miaka 34, na kwenye rekodi za raga yote imeandikwa hivi: mechi 1, pointi 0.

Rekodi haijadanganya. Imehesabu siku moja tu.

Kwa hivyo mjomba akiniuliza tena Desemba, nitamjibu kwa heshima kwamba sikumaliza. Halafu nitamwambia avute kiti, nimweleze nimefanya nini tangu hapo. Wewe je, ni siku gani moja watu wanakuhesabia?