Barua kutoka Chicago: mti uliozuia mtandao

Kaka Salim,

Nimefika salama, ingawa mvua ya huku haijakatika tangu juzi. Nina hamu kubwa ya kukusimulia habari za nguzo za taa.

Mji huu na Minneapolis ndiko kampuni ya simu ya Verizon ilikoanza kuuza 5G ya simu za mkononi Aprili 2019, kwa masafa ya juu sana. Basi asubuhi nimezunguka katikati ya mji huku shingo iko juu. Hakuna minara mirefu kama yetu, ni visanduku tu vilivyobanwa kwenye nguzo za taa! Wimbi la gigahetsi 28 lina urefu wa kama sentimita 1, kwa hiyo antena 256 zinaenea kwenye kibao cha upana wa kiganja. Kila antena inacheleweshwa kidogo kuliko jirani yake, mawimbi yanakutana upande mmoja yakiwa na nguvu, kwingine yanauana. Ukisogea, mwale unakufuata.

Niliazima simu ya mwenyeji wangu, nikasimama mbele ya nguzo. Kasi ya ajabu! Nikaipa nguzo mgongo, ikashuka. Nikaenda nyuma ya mti, ikakatika kabisa. Ndani ya mgahawa wenye vioo vya kuzuia joto, hakuna kitu.

Hapo ndipo inapohitajika ripita, kifaa kinachopokea mawimbi, kuyakuza na kuyarusha tena. Unakumbuka ile tuliyoifunga kwenye nyumba ya wageni kule Pangani? Ilikuza mawimbi pamoja na kelele zake, kisha ikaanza kujisikia yenyewe kama spika ya harusini inayopiga mluzi, na mnara wa jirani ukachafuka. Viwango vya mitandao ya simu vya 3GPP, toleo la 18, vinaleta ripita inayoamrishwa na mnara: geukia kule, sasa pokea, sasa tuma, sasa nyamaza. Kwangu mimi hiyo amri ya kunyamaza ndiyo kubwa kuliko zote. Pasipo na mteja wa kuhudumia, haimwagi kelele bure. Tena haihitaji kuvutiwa faiba, umeme unatosha. Hebu fikiria tungekuwa nayo Pangani!

Leo majani ya ule mti yalikuwa yamelowa chapachapa, na maji hunyonya sana masafa haya. Yakikauka nitasimama pale pale nipime upya, kisha nikuandikie tofauti niliyoiona.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako