Kiangazi Bariadi: Baiskeli, binti yangu na kilomita saba za shule

Ukimuuliza mtu wa Simiyu ni mwezi gani mzuri wa kuendesha baiskeli, atakuuliza kwanza unapita njia gani. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbugani hunasa kwenye tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mtu huishia kuibeba baiskeli iliyopaswa kumbeba yeye. Kiangazi, udongo huohuo hukauka ukawa mgumu kama sakafu, ukapasuka nyufa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa karibu kila kinjia kinapitika, na hapo ndipo sisi tunaopanda baiskeli kwa kujifurahisha tunapotoka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi pembezoni mwa mji wa Bariadi. Nilianza kuendesha kwa ajili ya presha, nikaendelea kwa kupenda. Jumamosi alfajiri ndiyo saa yangu, na watoto wa mtaani walishazoea kuniita Mama Baiskeli.

Mwaka huu safari zangu za kiangazi zilikuwa na kazi ya ziada. Binti yangu wa kwanza yuko kidato cha kwanza katika shule ya kata iliyo kilomita saba kutoka nyumbani. Tangu Januari amekuwa akienda na kurudi kwa miguu pamoja na wenzake watatu. Mwezi wa tano akaniambia, "Mama, naomba niende shule kwa baiskeli." Nilimwambia likizo ya mwezi wa sita tutazunguka wote, halafu tutazungumza.

Mzazi mwenzangu, huenda na wewe umeombwa hivyo. Ndiyo maana naandika.

MKOA MPYA, NJIA ZA ZAMANI

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ukapewa jina la mto unaomwaga maji yake Ziwa Victoria. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Lakini baiskeli ilikuwapo muda mrefu kabla ya mkoa. Baba yangu alipeleka pamba kwenye chama cha msingi kwa baiskeli, marobota yamefungwa kwenye keria mpaka yeye mwenyewe haonekani kwa nyuma. Mimi nilijifunza kwenye baiskeli hiyohiyo, mguu nikiupitisha katikati ya fremu kwa sababu tandiko lilikuwa juu ya kichwa changu.

Siku hizi lami imefika. Kutoka Maswa mpaka Bariadi ni kama kilomita 50, na kutoka Bariadi mpaka Lamadi, inakoungana na barabara ya Mwanza na Musoma, ni kama kilomita 72. Lami imetuletea mabasi yanayowahi na wagonjwa wanaofika hospitali. Imetuletea pia mwendo kasi. Njia ambayo baba alipita katikati huku akipiga mluzi, leo inataka mtu mwenye macho mbele na masikio nyuma.

Kwa hiyo nilianzia huko. Jumamosi ya kwanza tulielekea Nyakabindi, kwenye viwanja ambako Nane Nane ya kitaifa ilifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020. Mwezi wa sita ndio msimu wa pamba, na Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Malori hupita yamejaza mpaka mzigo unatokeza pembeni. Nilimfundisha binti yangu mambo matatu tu siku hiyo: kaa kushoto bila kuyumba, usipande lami bila kugeuka kutazama nyuma, na magari mawili makubwa yakipishana mahali ulipo, shuka kabisa barabarani, usimame kwenye nyasi. Tulishuka mara nne. Mara ya nne alishuka kabla sijasema.

VIJIJINI NDIKO KULIKOMFUNDISHA

Jumamosi ya pili tuliiacha lami tukashika njia za vumbi upande wa Itilima. Huko ndiko ninakokupenda mimi. Mwezi wa sita viazi vitamu vimevunwa, na juu ya majabali akina mama wameanika michembe. Wengine wanaanika matobolwa, viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa. Ukipita asubuhi jua likiwa chini, jabali zima linaonekana jeupe.

Tulipita kando ya ngitili, lile eneo ambalo Wasukuma huliacha bila kulisha mifugo wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Binti yangu aliuliza kwa nini upande mmoja wa njia kuna majani marefu na upande wa pili hakuna kitu. Nikamwambia ni watu waliovumilia ng'ombe wao wasile wakati majani ni mengi, ili wapate kula yakiwa hayapo.

Mbele kidogo kulikuwa na mto mkavu, mchanga mtupu. Mchanga ndio mtihani wa mwendesha baiskeli. Ukikanyaga kwa nguvu unazama, ukiogopa ukakata kona unaanguka. Unashuka, unasukuma, unamsalimia anayechota maji kwenye kisima cha kuchimba kwa mkono, unaendelea. Mama aliyekuwa akichota alituona tukihema. Binti akashusha baiskeli chini, akapiga goti kidogo, "Mwangaluka mayu." Yule mama akaitikia, akatupa maji, akatuuliza sisi ni watoto wa nani na tunakwenda wapi. Tulipoondoka alikuwa anajua ukoo wetu wote.

Nilimwambia binti yangu hiyo ndiyo bima ya njiani. Ukipita kila siku bila kusalimia, wewe ni mpita njia. Ukisalimia, wewe ni mtoto wa fulani, na siku usipopita mtu atauliza.

LAMADI SIKUMPELEKA

Jumamosi ya tatu nilikwenda Lamadi na wenzangu wanne, yeye nikamwacha. Safari ile ni ya watu wazima. Upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Ukienda ziwani unakusukuma mpaka unajiona una umri wa miaka ishirini, ukirudi unakukumbusha miaka yako kamili. Tulipita Dutwa, tukafika ziwani, tukala samaki. Wote watano tulikubaliana kurudi kwa basi, baiskeli zikiwa juu.

Jambo lingine la upande ule ni wanyama. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko karibu na Lamadi, na tembo hawasomi mipaka. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, Busega mpaka Meatu, wanaweza kuingia mashambani. Ukiendesha huko, waulize wenyeji kabla ya kushika kinjia usichokijua, na usitembee gizani.

Hilo neno giza ndilo lililonirudisha kwenye hesabu ya shule.

HESABU YA JUA

Hebu tuhesabu pamoja. Shuleni wanatakiwa kufika saa 1:20 asubuhi. Kilomita saba kwa miguu ya mtoto mwenye begi ni saa moja na dakika arobaini, wakitembea bila kusimama. Kwa hiyo binti yangu alikuwa anatoka saa 11:40 alfajiri. Sisi tuko magharibi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu linachelewa. Mwezi wa sita Bariadi linachomoza karibu na saa 12:45. Maana yake nusu nzima ya safari, au zaidi, watoto wanaimaliza kukiwa giza au mapambazuko.

Nilipima njia ileile kwa baiskeli nikiwa nyuma yake, kwa mwendo wake yeye. Dakika thelathini na tatu. Akitoka saa 12:40 anafika saa 1:13, na njia nzima anaona anakokanyaga na anamwona anayemjia.

Kwa siku ni zaidi ya saa mbili zinazorudi nyumbani. Kwa wiki ni saa kumi na kitu. Mtoto aliyekuwa anasinzia juu ya daftari saa mbili usiku anapata muda wa kusoma akiwa macho.

Wenzetu wamelijaribu jambo hili kwa ukubwa. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Watafiti walikuta uandikishaji wa wasichana sekondari umepanda kwa asilimia 32, hasa kwenye vijiji vilivyo mbali na shule.

HOFU MBILI

Hofu ya kwanza ilikuwa ya mama mkwe wangu. Alinivuta pembeni akaninong'oneza ile ambayo wanawake wengi huogopa kuisema kwa sauti, kwamba baiskeli itamharibu mtoto wa kike. Sikumbishia mtu mzima. Nilikwenda naye kwa muuguzi anayemwamini, naye akamweleza kwa heshima kwamba kuendesha baiskeli hakumwondolei msichana usichana wake, na kwamba cha kuangalia ni tandiko liwe la urefu sahihi. Bibi akanyamaza. Siku mbili baadaye aliniuliza kama sketi haitanasa kwenye mnyororo. Nikajua tumeshavuka mto, sasa tunazungumzia njia. Tukatafuta baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, fundi akafunga kizuizi cha mnyororo.

Hofu ya pili ilikuwa yangu, na kila mzazi wa binti Kanda ya Ziwa anaijua: lifti. Mtoto amechoka, jua kali, bodaboda inasimama. Mara ya kwanza ni msaada. Mara ya tano ni deni.

Jumamosi ya nne tulipita njia ya shule, yeye mbele, mimi mbali nyuma. Nilipokata kona nikamwona ameinamisha baiskeli pembeni, mwiba wa mgunga umeingia. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama. Nilisimama nyuma ya mti nisikie.

"Panda nikufikishe dada, hiyo tutaifunga nyuma."

"Asante kaka, naziba mwenyewe. Mama yuko nyuma anakuja."

Kijana akacheka, akamwambia ajitahidi, akaondoka. Pengine alikuwa mwema tu. Binti yangu alitoa tairi kwa vile vyuma viwili, akapata tundu, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia huku anahesabu kimoyomoyo kama nilivyomfundisha. Ilimchukua dakika ishirini na tano. Niliporudi barabarani kama niliyefika sasa hivi, alikuwa anajaza upepo, uso umejaa vumbi.

Hapo ndipo nilipopata jibu. Nilikuwa nimeona anavyoshuka kupisha lori, anavyosalimia, anavyoziba pancha na anavyokataa msaada bila kumtukana anayeutoa.

WALE WATATU

Lakini lilibaki jambo ambalo sikulifikiria mwanzoni, na aliyelisema ni yeye. "Mama, mimi nikienda kwa baiskeli, wenzangu watabaki watatu gizani."

Ni kweli. Wanne ni kundi. Ukimtoa mmoja, umewapunguzia wengine ulinzi. Nikawaita wazazi wenzangu watatu jioni moja, tukakaa nje kwenye mkeka, nikawaeleza hesabu ya jua. Baba mmoja alikuwa na baiskeli ya shambani, akasema atamwachia binti yake siku za shule, yeye atabeba jembe begani. Mama mmoja aliuza mbuzi, akanunua ya mtumba. Wa tatu hana uwezo kwa sasa. Mwanawe anapanda kwenye keria, kwa zamu, maana njia yao yote ni ya vumbi na haigusi lami.

Tuliwawekea masharti machache: wasitoke kabla hakujapambazuka, waende na warudi wote, mmoja akipata pancha wote wasimame, hakuna kupanda chombo cha mtu, na begi moja libebe pampu, viraka na gundi. Kila Jumapili jioni mzazi mmoja, kwa zamu, anakagua breki na upepo. Mzazi ambaye haendeshi naye anaweza. Bana breki, sukuma baiskeli. Ikisogea, mpeleke fundi.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba niliwasindikiza siku mbili. Ya tatu waliniambia nibaki.

Tunachosubiri sasa ni Novemba. Mvua zikianza, ule udongo mweusi utanasa tena kwenye tairi, na hakuna gundi wala pampu ya kuusaidia. Tumeshakubaliana kwamba siku zenye tope watatembea wote wanne, na sisi wazazi tutapeana zamu ya kuwasindikiza mpaka kupambazuke. Wiki ya kwanza ya mvua, zamu ni yangu.