Safari ya feza kidogo kisiwani Idjwi

Kijana anayesoma ana miguu miepesi na mfuko mwepesi zaidi. Ndivyo tulivyokuwa mwaka 2010, sisi na rafiki yetu mmoja, tulipokuwa wanafunzi mjini Bukavu. Kila siku tuliona mashua zikielekea Idjwi zimebeba watu, sabuni na chumvi, na nyingine zikirudi zimejaa mananasi. Likizo ya Pasaka ilipofika, tulikusanya feza zetu, tukapata faranga 18.000. Nauli ya mashua ya mbao ilikuwa faranga 3.000 kwa kila mtu, kwenda, na vilevile kurudi. Kwa hiyo watu wawili walihitaji 12.000, na kwa chakula zikabaki 6.000. Feza za kulala hazikuwapo. Mwenzetu, aliyekuwa hodari wa hesabu, alisema: «Tutaona huko huko.»

Tuliondoka siku ya nne ya juma, alfajiri. Ziwa Kivu liko juu sana, yapata metro 1.460 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo hewa ya asubuhi ni baridi, ijapokuwa nchi yenyewe iko karibu na mstari wa ikweta. Kina chake kinafika karibu metro 485. Tulipokuwa tukienda, tulikutana na wavuvi wakirudi kutoka kazi ya usiku, mitumbwi mitatu mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa fito ndefu, na taa zao zikiwa zimezimwa. Walikuwa wamevua sambaza. Samaki hao wadogo, ambao leo ni kitoweo cha kila nyumba pande za Kivu, si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960. Kumbe hata samaki walikuja hapa kama wageni, wakapokelewa vema!

Idjwi ni kisiwa kikubwa. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, kinashindwa na Ukerewe peke yake, kile cha ziwa Viktoria. Kimegawanyika sehemu mbili za utawala wa kimila: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Wakaaji wake wengi ni Wahavu, na pamoja nao wanaishi Wambuti. Vita vya mwaka 1996 na 1998 vilipochoma nchi ya Kivu, kisiwa hiki kiliepushwa kwa sehemu kubwa na mapigano. Lakini amani si mali. Watu ni wengi, mashamba ni madogo, na wengi huishi kwa jembe na kwa wavu.

Tuliposhuka, tulikaa juu ya mfuko wetu pale kivukoni tukitazamana. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akiuza mananasi, alitutazama kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza: «Wanangu, mnamngojea nani?» Tukajibu: «Mama, hatumngojei mtu.» Akachukua kikapu chake, akasema: «Basi, twendeni nyumbani.»

Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja chenye kitanda. Alitupa sisi kitanda hicho. Yeye na wajukuu wake watatu wakalala jikoni juu ya mikeka. Tulikataa, lakini hakutusikiliza. Usiku ule tulikula bugali wa muhogo, sombe na sambaza. Siku ya pili tulitembea vilimani tangu asubuhi hadi jioni. Tuliona migomba, mibuni na mashamba ya mananasi yakishuka mpaka ukingoni mwa maji, na ng'ambo, upande wa mashariki, milima ya Rwanda. Tuliporudi tulikuta chakula cha sikukuu: nyama ya kuku. Kabla ya kulala mwenzetu alihesabu feza, akacheka kwa furaha: «Siku mbili tumekula na kulala, na zile 6.000 hazijaguswa hata faranga moja!» Tukajiona wenye akili.

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya posho mjukuu mkubwa, mtoto wa miaka kumi hivi, alituletea majembe huku akicheka, nasi tukaenda naye shambani. Tulilima vibaya, mikono ikatoka malengelenge. Tulipopumzika tulimwuliza mtoto anasoma darasa gani. Akatutajia. Kisha akasema pasipo uchungu wowote, kama mtu anayeeleza habari za mvua: «Baada ya likizo labda nitakaa nyumbani kidogo. Yule kuku alikuwa minervali yangu.»

Mwenzetu aliweka jembe chini. Hatukusema neno. Zile faranga 6.000, ambazo jana tulijivunia kwamba hazikuguswa, zilikuwa mfukoni mwetu. Na karo ya shule ya mtoto yule ilikuwa tumboni mwetu.

Jioni tulimpa mama feza zile. Alikasirika. «Je, hapa ni hoteli?» Tukamwambia: «Mama, si bei ya chakula. Ni minervali ya mjukuu wako. Tuhesabu sisi kama kaka zake.» Alinyamaza kitambo, kisha akazipokea kwa mikono miwili.

Siku ya Mungu ilikuwa siku yetu ya kurudi, kwa maana kesho yake tulikuwa na jaribio chuoni. Mashua ilikuwa imekwisha kujaa watu, mbuzi na magunia, na maji yalibakiza kiganja kimoja tu kuingia ndani. Ulikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa mvua, na mawingu meusi yalikuwa yakipanda. Mwenye mashua akaita: «Nafasi iko!» Mama yule, aliyetusindikiza, alishika mfuko wetu asiuachilie. Ndipo akatueleza jambo ambalo hakulisema siku zote tatu. Mumewe alikufa maji. Miaka ile wakulima wa Idjwi hawakupata bei ya haki kwa kahawa yao, na watu wengi walivuka usiku kwa siri kuiuza Rwanda, mitumbwi ikiwa imelemewa na magunia. Wengi hawakurudi, na kisiwa kikajaa wajane. Akasema: «Yeye pia aliambiwa nafasi iko.»

Tulibaki. Tuliondoka kesho yake katika mashua isiyojaa, na jaribio likatupita, tukapata sifuri. Sherti tuseme kweli: ile mashua ya siku ya Mungu ilifika salama. Wenzetu walitucheka. Lakini hatukujuta wakati ule, na hatujuti leo. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku huko Goma, watu wakiitazama toka pwani. Siku ile tulimkumbuka mama yule na mkono wake juu ya mfuko wetu.

Tangu miaka ya 2010 wakulima wa Idjwi wameunda vyama vya ushirika, ili kuuza kahawa yao mchana, kwa njia halali. Hilo ni jambo la kushukuru.

Nanyi vijana wapenzi, safirini. Nchi yetu ni nzuri, na mtu asiyetoka kwao hudhani kilima chake ndicho mwisho wa dunia. Lakini mkienda kwa watu, chukueni chumvi, sabuni na sukari, mzitoe siku ya kwanza, msingoje kuona kuku amekwisha chinjwa. Mkikuta mashua imejaa, ngojeni ya kesho. Na mtu akijisifu mbele yenu kwamba alizunguka nchi kwa feza kidogo, mwulizeni kwa upole: «Ndugu, sehemu iliyobaki alilipa nani?»