Mahali pa Kukosea

Kila kazi ya mkono ina mahali pake pa kukosea. Mshonaji huanza na vitambaa chakavu kabla ya kukabidhiwa nguo ya bibi arusi. Seremala hupewa kwanza mabaki ya mbao. Mwanafunzi asiye na mahali pa kukosea hana budi kukosea juu ya mali na riziki za watu. Hivyo ndivyo ilivyompata kijana mmoja wa Njoro, mjini Moshi, aliyeingia katika kazi ya mitandao ya kompyuta.

Kijana huyo alipata kibarua katika ofisi moja. Siku moja aliambiwa aongeze nafasi za kuunganishia kompyuta. Akatwaa ruta ndogo iliyokuwa kabatini, akaichomeka katika mtandao. Hakujua ya kwamba ruta ile nayo ilikuwa na tabia ya kugawa anwani. Mtandao mmoja ukawa na wagawaji wawili wasiojuana. Kila kompyuta iliyoamka na kuomba anwani ilijibiwa na yeyote aliyewahi, na zile zilizojibiwa na mgeni zikapotea njia. Kufika adhuhuri ofisi ilikuwa imesimama. Wateja walioshuka kwa daladala kutoka Marangu na Kibosho walirudi kama walivyokuja. Kosa lilipogunduliwa jioni, kibarua kikaota nyasi.

Mama yake, ambaye ni mshonaji, hakumlaumu. Alimwuliza jambo moja tu: “Mwanangu, kazi hiyo ulijifunzia wapi?” Kijana akainamisha kichwa, maana alikuwa amejifunzia palepale.

Swali hilo ndilo lililomtuma kutafuta karakana. Ruta, swichi na seva ni vitu vya gharama, naye alikuwa na kompyuta moja iliyokwisha kutumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16. Lakini kompyuta moja yaweza kubeba nyingine nyingi ndani yake. Ipo programu inayoigawa kumbukumbu, diski na nguvu ya kompyuta, ikaunda mashine pepe, ambazo kila moja hudhani kwamba ina mwili wake. Maarifa haya si mageni: kampuni ya IBM iliyafanyia kazi katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wake wa VM/370 kwa kompyuta kubwa za wakati ule. Jipya ni kwamba leo yanapatikana bure, juu ya meza ya nyumbani.

Kijana akaunda mashine sita na mitandao mitatu: wa ofisi, wa wageni na wa hazina. Mashine moja akaifanya ruta, akaipa kadi tatu za mtandao, moja kwa kila upande. Anwani akazitwaa katika mafungu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani na waraka wa mwaka 1996, kama yale yaanzayo na 10 au 192.168, ambayo hayapitishwi katika intaneti ya hadhara. Mitandao hiyo akaifungia ndani, hata neno lisitoke nje ya kompyuta ile. Kisha akahifadhi hali ya kila mashine, ili ikiharibika airudishe ilivyokuwa kwa dakika chache.

Ndipo alipolirudia kosa lake kwa makusudi. Akaweka mgawaji wa pili, akaamsha mashine za ofisi, akasoma kila ujumbe uliopita. Akaona kompyuta ikipaza sauti kwa wote, majibu mawili yakija, na la kwanza likipokewa bila ya kuulizwa limetoka kwa nani. Jambo lililomfedhehesha mbele ya watu sasa lilimfundisha faraghani. Akalirudia mara nyingi, mpaka akaweza kumtambua mgawaji mgeni kwa anwani aliyoitoa, na kumzima kabla hajaleta madhara.

Wazee wa miteremko ya Kilimanjaro hawatashangazwa na habari hii. Mifongo iliyochimbwa na Wachaga hugawa maji ya mto mmoja kwa vihamba vingi, kwa njia na kwa zamu. Afunguaye maji bila ya kujua yaendako hukausha migomba ya jirani. Lakini mfongo hauna mfano wake wa kuchezea. Makosa yake huonekana shambani mwa mtu. Mtandao umejaliwa kuwa na kivuli chake, na kukiacha kivuli hicho bila ya kukitumia ni uzembe.

Hata hivyo, kivuli si mwili. Mashine pepe hazimfundishi mtu waya uliotafunwa na panya, wala uso wa mteja aliyesubiri tangu asubuhi. Hayo kijana ameyaanza upya katika kibarua kingine. Kila apewapo kazi ya kubadili mtandao, huomba kwanza usiku mmoja. Usiku huo cherehani ya mama yake hulia katika chumba kimoja, naye hukosea kwa utulivu katika chumba cha pili.