Nani Anakujua Hapo?

Bibi yangu wa Makuyuni hajawahi kuniuliza Berlin ikoje. Kila nikipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, huuliza jambo moja tu: “Hapo unapokaa, nani anakujua?”

Kwa muda mrefu nilimjibu kwa jina la mtaa. Ninakaa Wedding, jirani na eneo ambalo mitaa yake ilianza kupewa majina ya Afrika enzi za ukoloni wa Kijerumani. Upo mtaa wa Tanga, upo wa Zanzibar, na upo Usambarastraße. Siku ya kwanza kukiona kibao hicho nilisimama nikacheka peke yangu. Milima ya Usambara ndiyo tunayoiona nyumbani asubuhi tukifagia uwanja. Nilimtumia mjomba picha amwonyeshe bibi. Bibi akauliza, “Kwa hiyo Wasambaa wanakaa hapo?”

Hapana, bibi. Sijamwona hata mmoja.

Berlin ni jiji la barabara pana na watu wasioingiliana. Hata usiku wa manane, bila gari hata moja, mtu husubiri taa ya kijani ndipo avuke. Niliupenda utulivu huo, mpaka Februari nilipougua homa siku nne na mlango wangu haukugongwa. Makuyuni, usipoonekana bombani asubuhi, adhuhuri watu wameshafika kukuangalia.

Machi nikaenda Brussels kumtembelea rafiki. Kule mitaa inapanda na kushuka, mawe ya njia yanacheza chini ya kiatu, na kila kibao kina majina mawili, la Kifaransa na la Kiholanzi, kama mume na mke walioshindwa kuelewana. Watu wanavuka barabara wanavyojua. Tuliingia Matonge, mtaa uliorithi jina la mtaa wa Kinshasa: saluni, muhogo, samaki wakavu, kelele. Mama mmoja wa Bukavu alinisikia nikiongea na simu. “Iyo Kiswahili yako ni ya Tanzania,” akasema, akanivutia kiti. Kabla sijakaa vizuri alishajua kwetu, kazi yangu na kwamba nimekonda.

Pembeni mwa Matonge kuna uwanja wa Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018, miaka 58 kamili baada ya uhuru wa Kongo. Mwendo mfupi kutoka hapo, Leopold II bado amekaa juu ya farasi wake. Berlin nayo inabadilika: mwaka 2024, sehemu ya barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939 iliitwa Maji-Maji-Allee. Nilifurahi, nikaenda kuona. Lakini kibao, hata kikiwa na jina la kwetu, hakikuulizi kama umekula.

Niliporudi nilikaanga maandazi, nikagonga mlango wa jirani. Kwa miaka miwili nilikuwa nimesoma jina lake kwenye kengele tu. Ni mama mzee. Alifungua kidogo, mnyororo ukiwa bado mlangoni, akauliza kama kuna tatizo.

“Hakuna,” nikasema. “Nimepika mengi.”

Jumapili bibi aliuliza swali lake. Nikamtajia jina la jirani. Akalirudia mara tatu, akilikosea, mpaka likamkaa mdomoni.