Shemeji Alitoka Georgia Kutafuta Jina, Mimi Nilikuwa Nalo Jikoni

Desemba iliyopita dada alituletea shemeji hapa Moi's Bridge. Mmarekani mweusi, kwao Georgia. Tulidhani atataka kupelekwa Iten kuona wakimbiaji. Wapi! Jamaa alikuja na kompyuta imejaa majina ya marehemu.

Kuna babu yake mmoja anamtafuta miaka sasa. Amemfuata hadi sensa ya Marekani ya 1870, halafu akagonga mwamba. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyoandika majina ya wale waliotoka utumwani. Rudi nyuma hadi 1860: watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi tu. Jina hakuna. Sasa utajuaje yupi ni wako?

Mimi nikajifanya mjuaji. Nikamwambia pole bro, sisi huku tunajua tulikotoka. Akauliza, "Baba ya kukhu aliitwa nani?"

Nikanyamaza. Wachezaji wa Arsenal nawajua wote, hadi wa akiba. Hilo jina sikuwa nalo.

Kukhu alikuwa papo hapo anachambua kunde. Dada alipomtafsiria, akajibu bila hata kuinua kichwa: "Wanjala. Alizaliwa wakati wa njaa."

Halafu akaendelea tu. Kwamba baba yake alilima kwa mzungu huku Uasin Gishu, enzi mji huu ukiitwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi Cecil Hoey. Kwamba alitembea na kipande ndani ya kopo la chuma, kimening'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Hicho kipande kilianza kutumika karibu 1920, na kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Serikali ilijua anafanya kazi wapi na analipwa ngapi. Kwa nini aliitwa Wanjala, hiyo aliijua mama yake, na sasa kukhu.

"Na rika?" nikauliza.

"Kikwameti."

Wasee, hilo ni rika langu! Sisi Wabukusu tuna marika nane ya tohara yanayozunguka, na jina hurudi baada ya miaka kama mia. Nimelibeba tangu nitahiriwe na sikuwahi kuuliza nani alilibeba kabla yangu.

Shemeji aliandika kila kitu. Usiku alimwambia dada kwamba angetoa chochote apate dakika kumi na mtu kama kukhu. Mimi nimeishi naye miaka yote na kazi yangu imekuwa kumchajia simu.

Siku hizi kukhu ananiita kwa jina la mjomba aliyefariki. Zamani ilikuwa mara moja moja, sasa ni karibu kila siku. Kwa hivyo kila Jumapili nakaa naye jikoni, narekodi. Tumefika kwa nyanya yake.

Kabla hujatuma pesa ya kupimwa DNA, nenda ushago. Uliza jina, uliza rika, uliza walilima kwa nani. Wako bado anakumbuka?