Taiti ya Msibani

Nina taiti moja nyeusi ya ngozi bandia, niliyoichagua kwenye mitumba ya Karume, Dar es Salaam. Darasani naivaa na shati refu na raba. Siku ya kuwasilisha pendekezo la tasnifu niliivalia koti. Tasnifu yenyewe inahusu Operesheni Vijana ya mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana.

Mwezi Juni, simu ya msiba wa bibi ilinikuta nimeivaa. Nilipanda nayo basi hadi Rusumo, mpakani, malori yanakosubiri kuvuka daraja la Mto Kagera kwenda Rwanda. Ngozi bandia haipitishi hewa. Nilishuka mapaja yameloa jasho, na magotini imeanza kubanduka.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, vitenge viunoni. Shangazi aliitikia shikamoo yangu, kisha akanitazama miguu. Hoja zote za tasnifu zilinijaa mdomoni. Hakunipa nafasi. Alifungua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni, akanikalisha ubavuni kwake nilie.

Usiku wa matanga upepo ulipanda kutoka mtoni. Shangazi akapapasa goti langu chini ya kitenge.

"Kumbe hii inazuia baridi," akanong'ona. "Ukirudi mjini, niletee na mimi."

Nimeshakwenda Karume mara mbili. Saizi yake bado sijaipata.